Sappho wa Lesbos: Malenga Aliyemezwa na Jina la Kisiwa Chake

Mtu wa Lamu huitwa Mlamu, na mtu wa Pemba huitwa Mpemba. Kwa kanuni iyo hiyo, Wagiriki wa kale walimpa mtu wa kisiwa cha Lesbos jina la uenyeji ambalo, baada ya kupitia Kilatini, Waingereza walikuja kulitamka lesbian. Maana yake ya msingi ilikuwa hiyo tu. Mvinyo uliotoka kisiwani humo uliitwa kwa jina hilo, nao ulisifika katika miji mingi ya Bahari ya Kati. Mafundi wa ujenzi wa huko walikuwa na kipimo cha madini ya risasi, laini na chenye kupindika, ambacho kilifuata umbo la jiwe badala ya kulilazimisha jiwe lifuate umbo lake. Mwanafalsafa Aristotle alikitumia kipimo hicho kuwa mfano alipoeleza kwamba haki ya kweli haina budi kuzingatia hali ya kila shauri.

Leo hii, atajaye neno hilo hana habari ya mvinyo wala ya mafundi. Analotaja ni mwanamke ampendaye mwanamke mwenziwe kimapenzi, yule ambaye kwa Kiswahili huitwa msagaji. Jina la kisiwa kizima, chenye mashamba ya mizeituni, bandari na makanisa, limegeuka kuwa jina la aina ya mapenzi. Je, mageuzi haya yalitokeaje? Jibu lake ni maisha ya mtu mmoja, mwanamke aliyefariki zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Mtu huyo ni Sappho. Nathubutu kusema kwamba katika historia ya fasihi ni wachache waliotukuzwa kama yeye, na ni wachache zaidi waliozungumziwa sana na kusomwa kidogo kiasi hicho.

Kisiwa cha Lesbos kiko mashariki mwa Bahari ya Aegean, karibu mno na pwani ya Uturuki ya leo. Ni cha tatu kwa ukubwa miongoni mwa visiwa vya Ugiriki, na eneo lake la kilomita mraba zipatazo 1,630 halipishani sana na lile la Unguja. Ardhi yake ilizaa zabibu na zeituni, na bandari zake zilipokea merikebu zilizokwenda na kurudi kati ya Ugiriki, Asia Ndogo na Misri. Kama zilivyo bandari nyingi, bidhaa hazikuja peke yake, bali ziliandamana na nyimbo, ala za muziki, mavazi na fikra. Kabla ya Sappho kuzaliwa, kisiwa hicho kilikwisha kumtoa Terpander wa Antissa, aliyesifika kwa ufundi wake wa kinubi. Penye mafundi hapakosi wanagenzi, na Sappho alizaliwa penye mafundi.

Inakadiriwa kwamba alizaliwa karibu na mwaka 630 kabla ya Kristo. Baadhi ya waandishi wa kale walimtaja kuwa mzaliwa wa Mytilene, mji mkuu wa kisiwa, na wengine wakamtaja kuwa mzaliwa wa Eresos, ulioko magharibi. Katika lahaja yake mwenyewe, iitwayo Kieoli, alijiita Psappho. Mama yake aliitwa Kleis, na mwanahistoria Herodotus anamtaja baba yake kwa jina la Scamandronymus. Alikuwa na ndugu watatu wa kiume: Charaxos, Larichos na Eurygios. Larichos, alipokuwa kijana, alipewa kazi ya kuwamiminia wageni mvinyo katika ukumbi wa baraza la mji wa Mytilene, nayo ilikuwa heshima waliyotengewa vijana wa jamaa bora. Kwa hiyo Sappho hakuzaliwa katika ufukara. Alitoka katika tabaka la mabwana, wenye mashamba, watumwa na merikebu.

Lakini zama zake hazikuwa za utulivu. Jamaa kubwa za Mytilene zilikuwa zikigombea utawala wa mji, na kila upande uliposhinda uliwafukuza wapinzani wake. Malenga mwingine wa mji huo, Alcaeus, aliyeishi wakati mmoja na Sappho, alitunga nyimbo kali za siasa dhidi ya watawala, akiwamo Pittacus, ambaye baadaye Wagiriki walimhesabu miongoni mwa wenye hekima saba. Sappho naye hakusalimika. Jiwe la kumbukumbu lililochongwa katika kisiwa cha Paros mwaka 264 kabla ya Kristo linaeleza kwamba alikimbilia Sicily, na wakati unaotajwa ni wa miaka ya karibu na 600. Kutoka Lesbos hadi Sicily ni safari ya kuivuka nchi nzima ya Wagiriki, kutoka mashariki hadi magharibi. Katika mabaki ya nyimbo zake upo wimbo ambamo anamweleza binti yake, aliyeitwa Kleis kwa jina la bibi yake, kwamba hana namna ya kumpatia utepe wa kichwani uliotariziwa, kama ile iliyoletwa kutoka Sardis, mji mkuu wa Lydia. Wataalamu wengi huuhusisha wimbo huo na siku za dhiki ya uhamishoni. Mzazi yeyote aliyewahi kumwambia mtoto wake kwamba hana, ataelewa uzito wa jambo hilo bila kuhitaji mwalimu.

Habari za nduguye Charaxos nazo zilimsumbua. Huyu alikuwa akisafirisha mvinyo wa Lesbos hadi Naukratis, kituo cha biashara cha Wagiriki nchini Misri. Herodotus anasimulia kwamba huko alimkomboa kwa mali nyingi mwanamke mtumwa aliyekuwa kahaba mwenye sifa, aitwaye Rhodopis, na kwamba aliporudi nyumbani dada yake alimkaripia vikali kwa wimbo. Hapa twamwona Sappho akiwa dada wa nyumba yenye hadhi na mali ya kulinda, mwanamke asiyemwogopa kaka, na mtunzi aliyejua kwamba karipio likiimbwa husikika mbali kuliko likisemwa.

Maana nyimbo zake ziliimbwa. Jambo hili yafaa walimu wetu walitilie mkazo, kwani sisi tuliozoea kulitafuta shairi katika kurasa za kitabu hudhani kwamba lilizaliwa humo. Sappho alitunga ili sauti isikike pamoja na kinubi, katika arusi, katika ibada na katika mikutano ya wanawake wenzake. Utunzi wake haukuwa na vina kama vyetu. Wagiriki walipima mshororo kwa mpangilio wa silabi ndefu na silabi fupi. Ubeti uliopewa jina lake una mishororo mitatu yenye mizani 11 kila mmoja, ukifungwa na kifupi chenye mizani 5. Mwanafunzi aliyezoea kuhesabu mizani za tarbia hatapata shida kuutambua ufundi huo: mishororo mitatu inainua wimbi, na wa nne unalitua ufukweni. Miaka mia sita baadaye, Horace wa Roma aliutwaa ubeti huo akautumia katika Kilatini, na tangu hapo umeigwa katika lugha kadhaa za Ulaya.

Aliimba juu ya nini? Wakati ambapo malenga wakuu walisifu vita, Sappho alishikilia kwamba kizuri kupita vyote duniani ni kile ambacho mtu anakipenda, si majeshi ya farasi wala ya merikebu. Aliimba juu ya mwezi na bustani, juu ya tunda lililobaki kileleni ambapo wachumaji hawakufika, juu ya bibi arusi anayeuaga ujana wake. Zaidi ya yote aliimba juu ya mapenzi, na katika nyimbo nyingi zilizobaki apendwaye ni mwanamke. Majina yao yamo: Anaktoria, Atthis, Gongyla. Katika wimbo wake uliodumu mzima, anamwomba Aphrodite, mungu wa mapenzi wa Wagiriki, amsaidie kumpata mwanamke anayemkimbia. Katika wimbo mwingine uliopata sifa kubwa, anaeleza jinsi mwili unavyomsaliti mtu amwonapo ampendaye akizungumza na mwingine: jinsi sauti inavyokatika na jinsi nguvu zinavyomwisha. Kabla yake, ni nadra kumpata mtunzi wa Kigiriki aliyeyachunguza mapenzi kwa undani huo kutoka ndani ya nafsi ya mpendaji.

Hayo ndiyo yaliyomo katika nyimbo, wala hapana haja ya kuyaficha. Yaliyotendeka nje ya nyimbo ni jambo jingine. Mtunzi akisema mimi ndani ya shairi, msomaji makini hajui kila mara kama ni yeye au ni nafsi aliyoiunda ili iimbe. Hata hivyo, hapana mtu mwenye insafu awezaye kuzisoma nyimbo hizo akadai kwamba hisia zake ni za bandia, au kwamba aliyekusudiwa ni mwanamume.

Wagiriki wenyewe walimheshimu mno. Inasimuliwa kwamba Solon, mtunga sheria wa Athens, alipomsikia mpwa wake akiimba wimbo wa Sappho alitaka afundishwe papo hapo, ili akifa awe ameujua. Aristotle anataja kwamba watu wa Mytilene walimtukuza ijapokuwa alikuwa mwanamke, kauli inayotuonyesha ukubwa wa sifa zake na udogo wa nafasi waliyopewa wanawake. Sarafu za mji zilichorwa sura yake. Mji wa Syracuse huko Sicily ulikuwa na sanamu yake, hadi ilipoibwa na gavana wa Kirumi aitwaye Verres, ambaye Cicero alimshtaki kwa wizi wake mwaka 70 kabla ya Kristo. Wagiriki walikuwa na miungu wa kike tisa wa sanaa. Shairi moja fupi la kale, ambalo kwa mapokeo hunasibishwa na Plato, linamhesabu Sappho kuwa wa kumi.

Lakini waswahili husema kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Sappho alikwisha kufa, yapata mwaka 570 kabla ya Kristo, na hakuwapo kujitetea watu walipoanza kumtungia maisha mengine. Waliotangulia ni watunzi wa tamthilia za vichekesho huko Athens. Katika karne ya nne kabla ya Kristo walimfanya kuwa mhusika wa kuchekesha umati, wakampa wapenzi wanaume, hata malenga waliokufa kabla hajazaliwa. Jina la mume anayetajwa katika kamusi moja ya zama za kati, Kerkylas wa Andros, lina kila dalili ya kuwa mzaha uliotoka katika michezo hiyo. Ikazuka pia ngano ya Phaon, mvushaji wa mashua mwenye uzuri wa ajabu, ambaye eti Sappho alimpenda uzeeni, akakataliwa, akajitupa baharini kutoka jabali la Leukas. Ngano hiyo ilivuma Ulaya kwa karne nyingi, ikachorwa na kuigizwa, ilhali nyimbo zake zinatuonyesha mwanamke aliyeuzoea uzee wake. Katika wimbo mmoja anakiri kwamba nywele zimekuwa nyeupe na magoti hayawezi tena kucheza ngoma, kisha anajikumbusha kwamba hapana binadamu asiyezeeka. Hiyo si sauti ya mtu wa kujitupa jabalini kwa ajili ya mvuvi au mvushaji.

Wengine walioshindwa kupatanisha sifa na uvumi walipata ufumbuzi wa ajabu: wakasema walikuwapo akina Sappho wawili, mmoja malenga mtukufu na mwingine kahaba. Ufumbuzi huu haukutegemea ushahidi wowote, bali ulizaliwa na ugumu wa kukubali kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na kipaji kinachotuheshimisha na mapenzi yanayotutatiza.

Wakati watu walipokuwa wakimbuni Sappho wao, Sappho wa kweli alikuwa akipotea. Wataalamu wa maktaba kuu ya Alexandria nchini Misri walizikusanya nyimbo zake katika vitabu vinavyohesabiwa kuwa vinane au tisa. Kitabu cha kwanza peke yake kilikuwa na mishororo 1,320, na jumla yote inakadiriwa kuwa ipatayo 10,000. Leo imebaki mishororo kama 650 hivi, mingi ikiwa imekatika. Yupo nani aliyeiangamiza? Imeenezwa sana kwamba viongozi wa Kanisa walivichoma vitabu vyake hadharani, mara katika karne ya nne, mara mwaka 1073. Habari hiyo inasisimua, lakini haina ushahidi wa kutegemewa. Isitoshe, mwanzoni mwa karne ya 16 Raphael alimchora Sappho miongoni mwa malenga wakuu ukutani mwa ikulu ya Papa huko Vatican, jina lake likionekana waziwazi.

Sababu iliyo karibu zaidi na ukweli ni ya kawaida, na kwa walimu inatisha zaidi kuliko moto. Sappho alitunga kwa Kieoli. Kadiri miaka ilivyopita, shule zilikishikilia Kigiriki cha Athens, na lahaja ya Lesbos ikawa ngumu kwa wanafunzi na adha kwa walimu. Kitabu kisichofundishwa hakinakiliwi, na zama hizo kitabu kisichonakiliwa kilikuwa kimehukumiwa kufa. Mafunjo yakaoza, wanyama wakatafuna, na nakala ya mwisho ikaisha bila mtu kujua kwamba ilikuwa ya mwisho. Sisi wenye hazina ya Kiamu, Kimvita na Kitikuu, ambamo tungo zetu bora za kale zilitungwa, hatuna haki ya kuwashangaa Wagiriki.

Kilichobaki kilibaki kwa bahati. Wimbo wake mzima tunao kwa sababu mwalimu wa balagha, Dionysius wa Halicarnassus, aliutumia kuwa mfano wa mtindo mzuri. Ule wa mwili kusaliti tunao kwa sababu ulinukuliwa katika risala ya kale juu ya utukufu wa lugha. Mishororo mingine iliokolewa na wanasarufi waliotaka kuonyesha neno lisilo la kawaida. Kisha, kuanzia mwaka 1897, Waingereza wawili, Grenfell na Hunt, walifukua majalala ya mji wa kale wa Oxyrhynchus nchini Misri wakapata maelfu ya vipande vya mafunjo, na miongoni mwavyo vikaonekana vya Sappho. Mwaka 1937 kilichapishwa kigae cha chungu kilichoandikwa beti zake. Mwaka 2004 vipande vilivyohifadhiwa Cologne, Ujerumani, viliungana na vya Oxyrhynchus, na wimbo wa uzee ukapata umbo lake. Mwaka 2014 ukatangazwa wimbo unaowataja kaka zake, ingawa maelezo ya asili ya karatasi hiyo yalitiliwa shaka sana hata mchapishaji akayaondoa mwaka 2021. Takataka za Misri zimemhifadhi Sappho kuliko maktaba.

Sasa na turudi kwenye neno. Uhusiano wa kisiwa na mapenzi ya wanawake waonekana tayari katika karne ya pili baada ya Kristo, mwandishi Lucian alipowataja wanawake wa Lesbos wa namna hiyo. Katika karne ya 10 askofu Arethas, akifafanua maandishi ya mtangulizi wake, alilitumia jina la watu wa Lesbos kwa maana inayokaribia ya leo. Kwa Kiingereza, William King alilitumia kwa maana hiyo katika shairi la dhihaka la mwaka 1732. Huko Ufaransa, Charles Baudelaire alikusudia kulifanya kuwa jina la diwani yake. Ilipotoka mwaka 1857 ilikuwa na jina jingine, lakini mahakama ya Paris ilipiga marufuku mashairi sita yaliyomo, likiwamo lile lenye jina la kisiwa cha Lesbos, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi mwaka 1949. Kisha wakaja madaktari. Kufikia mwaka 1890 neno lilikuwa limeingizwa katika kamusi ya udaktari kana kwamba ni jina la maradhi. Ilipita karne nzima, hadi tarehe 17 Mei 1990, ndipo Shirika la Afya Duniani lilipokubali orodha mpya ya magonjwa ambamo mapenzi ya jinsia moja hayakuhesabiwa tena kuwa ugonjwa.

Wakati huohuo wanawake wenyewe walikuwa wakilitwaa neno hilo. Mwanzoni mwa karne ya 20 mshairi Renée Vivien, aliyeishi Paris, alijifunza Kigiriki, akachapisha tafsiri yake ya Sappho kwa Kifaransa mwaka 1903, na mwaka uliofuata akasafiri hadi Lesbos pamoja na rafiki yake Natalie Barney. Walitaka kuwa na asili, na asili hiyo iwe na heshima. Polepole, neno lililokuwa la watunzi wa dhihaka na la madaktari likawa jina ambalo watu walijiita. Wenyeji wa kisiwa hawakufurahi wote. Mwaka 2008 wakazi watatu wa Lesbos walikwenda mahakamani Athens wakitaka shirika moja la watetezi wa mapenzi ya jinsia moja lizuiwe kulitumia jina lao. Mahakama iliwakatalia.

Hebu tulilinganishe neno hilo na lile la kwetu. Msagaji limetokana na kitenzi saga. Waarabu wana suhaq, kutoka mzizi wenye maana ya kuponda na kusaga. Wagiriki wa kale nao walikuwa na neno jingine, tribas, lililotokana na kitenzi cha kusugua. Lugha tatu zimetazama mwendo wa mwili tu, zikaacha moyo, na katika zote tatu jina lina harufu ya kejeli. Neno lililotokana na Lesbos ni la namna nyingine: mzizi wake ni mahali na nyimbo. Kejeli iliyomo haikuzaliwa nalo, bali ilipakwa njiani na waliolitumia. Sisi wenyewe tunajua jinsi majina ya mahali yasafirivyo. Marekani ilitupa kitambaa cha merikani. Mahindi tuliyahusisha kwa jina na Bara Hindi, ijapokuwa mmea wenyewe asili yake ni Amerika. Neno halina wajibu wa kusema kweli kuhusu asili yake. Wajibu huo ni wa mwalimu.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu. Kwa karne nyingi makundi mawili yamemdhulumu Sappho. Kundi la kwanza ni la wenye dhihaka, waliomfanya kinyago cha kuchekesha walevi. Kundi la pili ni la wenye kumtetea kupita kiasi. Mwaka 1816 mtaalamu wa Kijerumani, Welcker, aliandika kitabu kizima kumsafisha na kile alichokiona kuwa tuhuma, na mwaka 1913 mwenzake Wilamowitz akashikilia kwamba alikuwa mwalimu mkuu wa wasichana, mama mwadilifu asiye na doa. Kila kundi lilikuwa na Sappho lililemhitaji. Wenye dhihaka walizifuta nyimbo wakabaki na mapenzi; watetezi waliyafuta mapenzi wakadai kubaki na nyimbo. Lakini nyimbo zenyewe hazigawanyiki hivyo. Ukiondoa mapenzi, hakuna wimbo. Ukiondoa ufundi, hakuna sababu ya sisi kumkumbuka.

Msomaji ana uhuru wa kuwa na msimamo wake juu ya mambo yanayobishaniwa bungeni na misikitini, mahakamani na makanisani. Safu hii haikukusudiwa kuusimamisha wala kuuangusha msimamo wa mtu. Bali mwanafunzi akiuliza maana ya neno, ana haki ya kujibiwa. Mwalimu anayekohoa na kupita humfundisha mwanafunzi jambo moja tu: kwamba jibu litafutwe kwingine, kwa watu watakaolitoa pamoja na matusi. Na anayelitumia neno hilo kuwa tusi kwa mwenziwe darasani yafaa aelezwe kwamba anatamka jina la kisiwa cha washairi, na kwamba anayemtukana ni mtoto wa mtu kama yeye.

Jibu lenyewe si refu. Ni jina la watu wa kisiwa kimoja cha Ugiriki, lililokuja kuwa jina la wanawake wapendao wanawake, kwa sababu alikuwapo huko malenga aliyeyaimba mapenzi hayo kwa ustadi ambao dunia haijausahau. Kisha mwanafunzi na apewe beti zilizobaki azisome, hata kwa tafsiri, azihesabu mizani, aone palipokatika. Aristotle aliwasifu mafundi wa Lesbos kwa kuwa na kipimo kinachofuata umbo la jiwe. Sappho amepimwa kwa fimbo ngumu miaka zaidi ya 2,000, na kila fimbo ilikuwa ya mpimaji. Kipimo chake halali ni nyimbo zake. Ni mishororo kama 650 tu, na mtu huimaliza kwa jioni moja.